Dada Yake Kinyua

Huko Karatina, Wamucii hakuwa na jina. Yaani jina alikuwa nalo, tena la nyanya yake mzaa baba, mwanamke aliyewahi kumfukuza fisi kwa mwiko, lakini nani alilitumia? Sokoni aliitwa dada yake Kinyua. Kanisani, dada yake Kinyua. Mumewe alipofariki naye akarudi kuishi katika chumba cha pembeni, bomani mwa kaka yake, mambo yakawa yale yale na zaidi. Hata kuku wa pale wangejua kusema wangemwita hivyo hivyo. Na Kinyua si mtu mbaya, tuelewane mapema. Ni mtu mwenye malori mawili, sauti kubwa, na moyo wa kusaidia mpaka anayesaidiwa akose hewa.

Kwa hivyo Wamucii aliposema anataka kuhamia Kisumu kuuza viazi, boma zima lilishika kichwa. Kisumu! Mji ambao hakuwa na shangazi huko, wala binamu, wala mtu wa kwaya. Lakini yeye alikuwa amepiga hesabu zake. Viazi vya mlimani vinatafutwa sana kando ya ziwa, lori la Kinyua huenda huko kila wiki, na kulikuwa na kibanda kitupu katika soko la Otonglo, kwenye barabara ya Busia. Hesabu nyingine, ile ya moyoni, hakumwambia mtu: kwamba alikuwa amevuka miaka hamsini na hajawahi kuishi mahali ambapo watu wanamjua yeye mwenyewe.

Kinyua alimpeleka. Akateremsha magunia, akakagua chumba alichopanga dada yake nyuma ya soko, akatikisa mlango kama mtu anayetaka uanguke ili apate la kusema. Haukuanguka. Basi akasimama kando ya lori na kuuliza swali lake.

"Wamucii, ukiugua hapa, utampigia nani simu?"

"Nitakupigia wewe."

"Mimi niko Karatina. Nikifika nitakuta umeshapona au umeshazikwa." Akapanda, akafunga mlango. "Nakupa mpaka mwisho wa mwaka. Ukiwa bado huna mtu wa kumpigia, nitakuja na lori tupu, tupakie vitu vyako, turudi nyumbani. Mkataa kwao ni mtumwa."

Wamucii alikubali. Ulikuwa mwezi wa Machi, na Desemba ilionekana iko ng'ambo ya ziwa. Kupata mtu mmoja wa kumpigia simu, katika mji mzima wa Kisumu, kungekuwa na ugumu gani?

Kumbe kuuza viazi ni rahisi kuliko kupata rafiki. Viazi vilienda. Watu wa Otonglo walimsalimia vizuri, wakamwita Mama Viazi, wakanunua, wakaenda zao. Kisha mazungumzo yao yakaendelea kwa Dholuo, vicheko vikipita juu ya kichwa chake kutoka kibanda hadi kibanda, naye akibaki katikati na mizani yake.

Lakini tusimwonee huruma upesi, maana na yeye alikuwa na lake. Wanawake wa safu ile walikuwa na desturi yao ya mchana. Mmoja alileta ugali, mwingine mboga, na jirani yake Wamucii, Milka, mkaanga samaki, alitoa samaki. Sahani ikawekwa juu ya kreti iliyopinduliwa, wote wakanawa, wakala pamoja. Milka alikuwa mwanamke mpana, mwenye kanga kiunoni na sauti ya kuita watu walio kwenye gari linalopita. Siku ya kwanza alimwita: "Mama Viazi! Kuja tukule!"

"Asante, nimeshiba," Wamucii akajibu, kama alivyofundishwa na mama yake kwamba mgeni mwenye adabu hakimbilii chakula cha watu.

Siku ya pili akajibu vile vile. Siku nyingine akatazama ile sahani, samaki mzima akamtazama naye kwa jicho moja jeupe, na hapo adabu ikapata msaada wa woga. Kwao milimani samaki si chakula cha kuzoeana naye. "Nimeshiba," akasema, akarudi nyuma ya magunia yake kula viazi vya kuchemsha peke yake. Wale wanawake wakaangaliana. Baada ya wiki kadhaa wakaacha kumwita.

Mwezi wa Agosti, Winny, msichana muuza nyanya wa kibanda cha tatu, akaolewa. Mwaliko ulipigwa kwa sauti sokoni kote, kwa hivyo Wamucii naye akawa amealikwa. Alivaa gauni lake la kanisani, la bluu, akabeba zawadi ya sufuria, akaketi nyuma ya hema na soda yake. Leo, aliwaza, leo ndiyo nafasi.

Sasa kuna jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemweleza. Katika sherehe za watu wa ziwa, muziki si wa kucheza tu. Mtu akijisikia anainuka, anampa mpiga gitaa ishara, muziki unakatwa kama maji ya bomba. Anatia kitu kidogo kwenye beseni, anachukua kipaza sauti, na kujisifu. Wenyewe wanaita pakruok. Lakini hakuna kujisifu ovyo. Mtu hujisifu kwa kwao na kwa rafiki zake. Mzee Oduor, mwenye mashine ya kusaga unga, ndiye aliyefungua siku ile:

"Mimi Oduor, ja Gem, mtu wa Gem! Rafiki ya Oketch, gitaa imemuogopa! Rafiki ya Milka, nyar Asembo, binti ya Asembo, samaki yake ikinukia hata mgonjwa anauliza viatu iko wapi! Mkiona hao, mmeniona!"

Hema likashangilia. Oketch, yule mpiga gitaa, akatoa mlio wa shukrani, ngoma zikarudi. Baada yake wakafuata wengine na wengine, kila mmoja akiwataja watu wake. Sifa za mtu zimehifadhiwa kwa rafiki zake. Asiye na rafiki hana la kusema pale mbele, afadhali akae na soda yake.

Wamucii hakulijua hilo. Yeye aliona watu wanasimama, wanalipia kidogo, wanasema jina na mahali wanapotoka, na umati mzima unawasikiliza. Akili ya mfanyabiashara wa Karatina ikafanya kazi upesi kuliko ilivyotakiwa. Haya, akajiambia, ni matangazo.

Akainuka. Akatia mchango wake kwenye beseni, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Hamjambo nyote. Mimi naitwa Wamucii. Natoka Karatina. Nauza viazi pale Otonglo, karibu na kituo cha bodaboda. Viazi ni vikubwa, havijaoza, bei ni nafuu. Karoti pia zipo. Ukinunua gunia tunakuletea mpaka mlangoni. Asanteni, Mungu awabariki."

Mtoto mmoja alilia nje ya hema, wakamsikia wote. Kisha Milka akaanza. Kicheko chake kilitoka tumboni, kikapanda, kikamwangusha kwenye bega la jirani, na kikabeba hema zima. Watu walishikana. Bibi harusi alipangusa machozi kwa shela. Na Oketch, kwa kuwa mpiga gitaa hana dini linapokuja jambo la kuchekesha, akalishika neno lile na kulitia kwenye wimbo papo hapo: "Bei nafuu, yawa, bei nafuu!" Wazee na vijana wakasimama kulicheza.

Wamucii alitabasamu kwa meno, akarudi kitini, na wimbo ulipokolea akatoka nje ya hema. Alitembea mpaka nyumbani akiwa ameshika viatu mkononi. Alilia sana siku ile. Tangu kufiwa hakuwa amelia vile.

Kuanzia Jumatatu, Mama Viazi alikuwa amekufa na kuzikwa. "Bei Nafuu, oyawore!" walimwamkia asubuhi. "Bei Nafuu, niwekee kilo mbili!" Watu wa bodaboda walimpigia honi ya mdundo ule ule. Mtu wa kutoka Kisian alishuka garini akauliza, kwa heshima zote, kibanda cha Bei Nafuu kiko wapi. Viazi vilinunuliwa kuliko zamani, na yeye alipima kila kilo akiwa ameuma midomo. Wananicheka, alijiambia. Nimekuja kutafuta jina, nimepewa kichekesho.

Mwishoni mwa Novemba akampigia Kinyua. "Njoo unichukue," akasema. Alimshukuru Mungu kwamba kaka yake hakumuuliza kwa nini. Kinyua alisema tu angefika Jumamosi mchana na lori tupu, na sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ndio uliomchoma zaidi.

Hakumwambia mtu sokoni. Ijumaa jioni alifunga vyombo kwenye maboksi, akakunja godoro.

Jumamosi, kabla jua halijatoka vizuri, simu ikalia. Alidhani ni Kinyua amewahi kuondoka. Haikuwa Kinyua.

"Bei Nafuu!" Ilikuwa sauti ya Milka, lakini imekatika katikati. "Kuja haraka! Mafuta imenimwagikia mkono! Kuja, yawa!"

Namba Milka alikuwa ameitoa kwenye ubao wa kibanda, ambapo Wamucii aliiandika kwa rangi nyekundu, kubwa, kama afanyavyo mtu anayetaka kupigiwa na yeyote. Wamucii alikimbia na gauni la kulalia, leso begani. Alimkuta Milka ameketi chini karibu na jiko lake la kuni, mkono wa kulia ameuinua juu, umeanza kuvimba kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko. Wamucii hakuuliza kitu. Alivuta mtungi wa maji, akaanza kumwagia polepole, kikombe baada ya kikombe, kwa muda mrefu, hata Milka alipomtukana kwa lugha ambayo, bahati nzuri, hakuielewa. Kisha akasimamisha bodaboda, akampakia, wakaenda zahanati.

Ni pale kwenye benchi, muuguzi akifunga bendeji, ndipo Wamucii aliuliza. Hakuweza kujizuia.

"Mama Milka, mbona ulinipigia mimi?"

Milka alimtazama kama ameulizwa kwa nini maji yana unyevu. "Sasa ningepigia nani? Dada yangu yuko Asembo. Winny akilala hata kengele ya kanisa haimwamshi. Wewe hufungua kibanda mbele ya jogoo. Na wewe ni osiepna."

Neno hilo Wamucii alikuwa amelisikia mara nyingi likipita juu ya kichwa chake sokoni. Rafiki yangu. Halikuwahi kutua kwake.

"Rafiki gani?" Wamucii aligeuka kwenye benchi akamkabili. "Mnanicheka tangu Agosti. Mji mzima unanicheka."

"Tunakucheka sana!" Milka alisema bila haya hata kidogo. "Unataka tufanye nini, tulie? Ile maneno yako ya karoti, mimi nikikumbuka hata kwa matanga nashika mdomo. Lakini sikia. Mgeni hatumpatii jina. Mgeni tunamwita mama, tunamuuzia, anapita na barabara yake. Wewe tulikupatia jina, na wimbo juu yake. Mimi nimekaa Otonglo miaka yote hii, hakuna mtu ameniimbia." Akageuza uso. "Ni wewe ulikataa chakula yetu. Kila siku, nimeshiba, nimeshiba. Tukasema huyu mama anaogopa mikono yetu. Hata mimi niliumia, ujue."

Miezi yote ile Wamucii alidhani yeye ndiye aliyefungiwa mlango, kumbe yeye mwenyewe alikuwa ameuegemea kutoka ndani. Aliona aibu, aibu ya kweli safari hii.

"Kwetu mtu akikaribishwa hasemi ndiyo mara moja," akasema. "Tunangoja tubembelezwe."

"Tulikubembeleza tukachoka!"

"Na yule samaki alikuwa ananiangalia."

Milka alicheka, bendeji ikamuuma, akaguna, akacheka tena. Halafu akashtuka. "Samaki! Wuololo! Samaki ya Oduor!"

Siku ile mzee Oduor alikuwa na sherehe. Binti yake Dolphine alikuwa amemaliza chuo kikuu kule Bondo, na wageni walialikwa alasiri, hema moja mbele ya nyumba na jingine nyuma. Samaki wote walikuwa wa Milka: mabeseni kwa mabeseni ya ngege, wamepaliwa magamba na kuchanjwa, wanangoja mafuta. Na mkaangaji wao alikuwa na mkono mmoja.

"Mwambie Oduor atafute mwingine," muuguzi alishauri.

"Nimwambie nini? Watoto wake wote wanne walikula samaki yangu kabla hawajaota meno. Leo mmoja amevaa joho, nimwambie atafute mwingine?" Machozi, ambayo mafuta ya moto hayakuyatoa, sasa yakamtoka.

Wamucii alifikiria lori. Lilikuwa limeshaondoka Karatina. Alifikiria maboksi yake, na godoro lililokunjwa.

"Twende," akasema. "Wewe utasema, mimi nitakaanga."

Sasa, mimi nimeona mambo, lakini kumwona mwanamke wa Karatina akimshika ngege kwa mara ya kwanza ni jambo la kulipiwa kiingilio. Alimkamata wa kwanza kwa ncha za vidole viwili, mkiani, uso ameuelekeza upande wa Kakamega. Samaki akateleza, akarudi kwenye beseni. Akamkamata tena. Kisha akamlaza juu ya ubao na kuchukua kisu, na kabla Milka hajajua nini kinaendelea, kichwa kikawa upande huu na samaki upande ule.

Milka alipiga kelele iliyosimamisha bodaboda barabarani. "Unafanya nini?"

"Nakitoa. Hakuna mtu anakula kichwa."

"Hakuna mtu anakula... Mungu wangu! Kichwa ndio samaki! Hiyo ingine ni mkia tu! Unataka Oduor awekee wakwe samaki bila kichwa? Watauliza ilipatwa na ajali gani!"

Winny, ambaye alikuwa ameamka hatimaye, alikaa chini kwa kucheka. Na safari hii Wamucii alijisikia akicheka naye, kicheko kikubwa ambacho hakujua bado anacho, huku ameshika kile kichwa mkononi na kile kichwa kikimtazama. "Wewe," alikiambia kwa Kiswahili safi, "leo tutazoeana upende usipende." Akakitupia kwenye mafuta.

Kazi ikaanza kweli. Milka aliketi juu ya kreti kama jenerali, mkono kwenye kitambaa shingoni. "Ngoja mafuta inyamaze. Bado. Bado. Sasa! Teremsha na kando, usitupe, hiyo si kiazi! Usigeuze kabla haijajiachilia. Moto punguza!" Wamucii alijifunza kusikiliza mafuta, maana samaki aliyeiva hulia kwa sauti nyingine. Wa kwanza waligandana. Waliofuata walichanika. Kisha akatoka mmoja mzima, wa rangi ya dhahabu, mkia umesimama, na Milka akanyamaza, na kwa mtu kama Milka, kunyamaza ni cheti. Beseni la kwanza likajaa. Wapita njia wakasimama. "Bei Nafuu anakaanga samaki!" habari zikaenda mpaka kwenye kituo cha bodaboda na kurudi zikiwa zimenenepa.

Saa za mchana, sahani ikawekwa juu ya kreti. Ugali, mboga, na yule ngege asiye na kichwa, ambaye hakufaa kupelekwa kwa Oduor. Hakuna aliyemwita Wamucii. Alinawa mikono mwenyewe, akavuta ndoo, akaketi. Akamega ugali, akachota nyama ya samaki kwa vidole, akafunga macho na kutia mdomoni.

Akayafungua. "Na mlikuwa mnakula hii kila siku," akasema, "nikiwa pale nyuma na viazi?"

"Tulikuwa tunakuita!" wakajibu wote kwa pamoja.

Ni wakati huo, mdomo umejaa, ndipo aliposikia honi ya lori. Alikuwa amemsahau kaka yake kabisa. Kinyua alishuka, akatazama kibanda cha viazi kilichofungwa, akatazama huku na huku kwa wasiwasi, na hakumtambua dada yake mpaka alipopita mbele yake mara ya pili. Magamba yaliyosalia kwenye samaki yalikuwa yamemganda mikononi mpaka kwenye viwiko. Uso ulimmeta kwa mafuta. Alikuwa bado na gauni la kulalia chini ya leso.

"Wamucii? Umefanywa nini?"

"Karibu chakula," akasema Wamucii.

"Asante, nimeshiba. Maboksi yako wapi? Lori..."

"Kinyua." Alisema kwa upole, lakini ule mwiko wa nyanya yake ulisikika ndani yake. "Hapa haisemwi hivyo. Nawa mikono ukae."

Na Kinyua, mwenye malori mawili, akanawa mikono akakaa. Alimtazama samaki, samaki hakuwa na jicho la kumtazama nalo, hiyo ndiyo bahati yake. Akala kidogo. Akala tena. Akauliza kama kuna pilipili. Alipotaka kurudia habari ya maboksi, dada yake alikuwa ameshasimama jikoni, na Milka akamkabidhi Kinyua beseni tupu na kumwonyesha kwa kidevu mahali pa maji. Mabeseni ya mwisho yalifika kwa Oduor yakiwa yamepangwa ndani ya lori lililokuja tupu kutoka Karatina.

Sherehe ilikuwa imepamba moto. Dolphine alikaa mbele na joho lake, kofia imemlalia sikio moja, na wageni walikula samaki mpaka mazungumzo yakakoma. Wamucii alikuwa amekimbia nyumbani kuoga, akalitoa gauni la bluu kutoka kwenye boksi alilokuwa amelifunga kwa kamba. Aliketi na wanawake wa soko, mstari wa mbele, Kinyua nyuma yao akiwa ameshika soda kwa mikono miwili.

Oketch alikuwa kwenye gitaa. Baada ya wimbo wa tatu, mkono mweupe wa bendeji ukainuka, na muziki ukakatwa.

"Mimi Milka, nyar Asembo!" Hakuhitaji kipaza sauti, lakini alikishika. "Mnaona mkono yangu? Imefungwa. Na samaki mmekula? Mmekula! Sasa niulizeni nilikaanga na nini! Nilikaanga na mkono ya tatu, niliagiza kutoka mlimani! Mimi ni rafiki ya Bei Nafuu, nyar Karatina! Nikilia asubuhi anafika na nguo ya kulala! Nani ako na rafiki kama huyo, asimame nimuone!"

Hakusimama mtu. Hema lililipuka. Wamucii alihisi macho yote yakimgeukia, na miguu yake, kabla hajaamua, ikawa imeshampeleka mbele. Alitia mchango kwenye beseni. Akashika kipaza sauti. Watu walikuwa tayari wanaguna kwa kicheko, wakingoja karoti.

Akavuta pumzi.

"Mimi ni Wamucii, nyar Karatina!" Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyoitarajia, na akaona raha kuisikia. "Rafiki ya Milka, aliyenifundisha kwamba kichwa ndio samaki! Rafiki ya Winny, ambaye mkitaka kumwamsha mje na trekta! Rafiki ya Oketch, aliyenipa wimbo nikaenda nyumbani kulia nao, kumbe ulikuwa zawadi! Mkiona hao, mmeniona!" Akashusha kipaza sauti, akakipandisha tena. "Na bei bado ni nafuu!"

Sijui nikuelezeje kelele zile. Wazee walipiga fimbo chini. Dolphine alirusha kofia yake ikanasa kwenye kamba ya hema. Oketch alirudisha ule wimbo wa Agosti na Milka akamvuta Wamucii katikati, na yule mwanamke aliyetoka kwenye hema la harusi na viatu mkononi sasa alivivua kwa hiari ili apate kucheza vizuri.

Muziki ulipotulia, mzee Oduor alimwona mgeni nyuma. "Na wewe bwana wa lori! Umekula samaki yangu, lazima useme wewe ni nani!"

Kinyua alikataa kwa mikono. Wakamsukuma. Akafika mbele, mtu mzito, amezoea kuamrisha makuli na askari wa barabarani. Akashika kipaza sauti, akatazama zile nyuso zote. Hakuwa na rafiki hata mmoja pale. Gem hakuijua, Asembo hakuijua. Huko kwao alikuwa mtu mkubwa, lakini huko kwao hakukuwa pale.

"Mimi..." Akakohoa. "Mimi ni Kinyua."

Hema likangoja. Kinyua nani? Wa wapi? Rafiki yake nani?

Macho yake yakazunguka mpaka yakampata mwanamke mwenye gauni la bluu, miguu mitupu, jasho usoni, mkono wake umeshikwa na mkono mwingine uliofungwa bendeji.

"Mimi ni kaka yake Wamucii," akasema.

"Sijasikia!" Oketch alipiga uzi mmoja wa gitaa. "Kaka yake nani?"

"Kaka yake Wamucii!" Kinyua akapaza ile sauti yake kubwa, na safari hii alikuwa anacheka, macho yamemlowa. "Wamucii wa Otonglo! Hamumjui?"

"Tunamjua!" likajibu hema zima.